Mfumo Umegoma, Aitwe Mtu wa Kompyuta

Jumatatu saa mbili asubuhi, katika ofisi nyingi za Babati mjini, mtu wa TEHAMA huwa hajamaliza kuitikia salamu kabla ya kupigwa swali: "Mtaalamu, mtandao vipi leo?" Anayeuliza hana ubaya. Mbele ya dirisha lake kuna foleni. Yupo aliyepanda gari la alfajiri kutoka Magugu, yupo mama wa Bonga aliyeacha shamba, na kioo cha kompyuta kinazungusha kiduara kilekile tangu ofisi ifunguliwe. Mfumo wenyewe unakaa kwenye seva zilizoko Dodoma au Dar es Salaam. Waya unaoufikisha hapa umefuata barabara na nguzo kwa mamia ya kilomita. Umeme unaowasha vyote hivyo nao unatoka mbali. Katika mnyororo huo mzima, anayeonekana kwa macho na kuweza kuulizwa ni mmoja tu: kijana wa chumba cha mwisho kwenye korido, mwenye bisibisi mfukoni.

Nimekaa na watu hawa, wa ofisi za umma, wa benki, wa hospitali, na wale wa steshenari zinazozunguka stendi. Nimewasikia wakilalamika, nimewasikia wakitaniana, na kadiri ninavyowasikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunawadhulumu. Tunawabebesha makosa ya vitu wasivyovimiliki, halafu tunawanyima vitu vidogo ambavyo wangevitumia kutuokoa.

Babati ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Arusha hugawanyika hapa, moja ikienda Kondoa na Dodoma, nyingine Katesh na Singida. Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, mji huu ukawa makao makuu, na kwa hadhi hiyo zikaja ofisi za mkoa, mamlaka, benki na vyuo. Enzi zile mafaili yalisafiri kwa basi. Sasa karibu kila shughuli ya Serikali ina mfumo wake: malipo yanapita MUSE, zabuni zinapita NeST, mtumishi anaomba likizo kupitia ESS, mfanyabiashara anaomba leseni kupitia TAUSI. Hata mkulima wa mbaazi amefikiwa, maana zao lake siku hizi linauzwa kwa mnada wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mifumo imeongezeka. Mtu wa kuihudumia, mahali pengi, amebaki yule yule mmoja, na akitaka kwenda kwenye kata lazima aombe gari la idara nyingine.

Niliwahi kumfuata mmoja wao alipoitwa. Mhasibu alikuwa ametangaza kwamba mtandao umekufa nchi nzima. Fundi hakubisha. Alipiga magoti chini ya meza, akamulika kwa simu nyuma ya kabati la mafaili, akavuta kebo ya bluu iliyotafunwa na panya mpaka shaba ikawa inang'aa. Akaikata pale ilipoharibika, akachuna ganda kwa wembe bila kugusa kilichomo, zikatoka nyaya nane zilizosokotwa jozi jozi. Akazisokotoa, akazinyoosha kwa kidole gumba na kuzipanga huku akizitaja kwa sauti ya chini: nyeupe na chungwa, chungwa, nyeupe na kijani, bluu, nyeupe na bluu, kijani, nyeupe na kahawia, kahawia. Ukipishanisha mbili tu katika mpangilio huo, ama taa haiwaki kabisa au mtandao unakuja kwa kusuasua, nawe utautafuta ugonjwa huo mwezi mzima. Akazichomeka kwenye kichwa cha plastiki kinachoonyesha ndani, akakiinua dirishani kuhakikisha kila ncha imefika mwisho, akakibana kwa koleo lake. Taa ya kijani ikawaka. Mhasibu akasema, "Kumbe ni hiyo tu?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mhasibu hakujua kwamba kile kichwa cha plastiki kilikuwa kimenunuliwa Arusha kwa fedha ya fundi mwenyewe, kwa sababu ombi la vifaa lilikuwa bado linazunguka kwenye dokezo sabili, likitoka meza hii kwenda meza ile likitafuta sahihi. Kwa mwenye dokezo, kichwa cha kebo ni kitu cha kusubiri robo ya mwaka ijayo. Kwa yule mama wa Bonga, ni tofauti ya kuhudumiwa leo au kulipa nauli mara ya pili.

Wakikutana wenyewe kwenye chai ya saa nne, utani hauishi. Mtu akipiga simu kusema kompyuta yake imekufa, jibu la kwanza ni, "Imekufa au imezirai?" Watu hucheka, lakini hapo fundi ameshaanza kupima. Iliyokufa haina taa wala feni haizunguki, kwa hiyo anaanza na soketi, kebo ya umeme na pawa saplai. Iliyozirai ina taa na feni inavuma ila kioo ni cheusi, kwa hiyo anafikiria ramu iliyolegea, au kebo ya kioo. Kwa swali hilo moja amejua abebe nini. Wingu likitanda juu ya mlima Kwaraa utasikia, "Mzee kavaa koti, leo tusiahidiane." Anayesema hivyo anazikumbuka rauta zilizounguzwa na radi msimu uliopita, na anaenda kuchomoa zake kabla mvua haijafika. Printa ya rangi nayo haikosi siasa za Kariakoo. Wino mwekundu ukiisha, Mnyama kaishiwa pumzi. Ukiisha wa njano, Wananchi wamekwisha. Mtu wa Simba na mtu wa Yanga wanaweza kulumbana hapo mpaka katriji mpya ipatikane.

Nimeutaja utani huu kwa sababu ndani yake ndimo ujuzi unamohifadhiwa. Miongozo mingi ya vifaa imeandikwa Kiingereza kigumu, na mafunzo ya kujinoa hutokea kwa nadra. Kijana anayeanza kazi hujifunza kwa kusikiliza wakubwa wake wakichekana: nani alibadilisha rauta nzima kumbe tatizo ni adapta, nani alishinda darini akifuata kebo iliyokuwa imechomolewa na mfagiaji ili apate soketi ya redio. Hadithi ya namna hiyo ukiisikia mara moja hulirudii kosa lake.

Nyumbani nako hakuna kupumzika. Kwa jamaa wengi, kazi ya kompyuta ni kila kitu chenye kitufe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Hivi wewe si ndiye unayefanya kazi za kompyuta? King'amuzi changu kimeandika maneno ya Kizungu, na taarifa ya habari inaanza sasa hivi."

Shangazi haelezwi kwamba hiyo ni fani nyingine. Anaulizwa waya wa dishi umechomekwa wapi, anaambiwa azime ahesabu mpaka thelathini awashe tena, na mara nyingi kinakubali. Heshima ya ukoo imelindwa.

Lakini kama kuna kundi ambalo magazeti yanalisahau kabisa, ni hawa wa steshenari. Nenda stendi au karibu na ofisi yoyote kubwa mjini, utawakuta, wengi wao wasichana waliomaliza chuo, wakiwa na kompyuta mbili na mashine ya fotokopi. Wao ndio wanaowajazia wahitimu maombi ya mkopo wa elimu ya juu, wanaowafungulia akaunti za Ajira Portal, wanaowatolea wazazi fomu za kujiunga baada ya TAMISEMI kutangaza waliochaguliwa kidato cha tano. Ukitaka kujua kama mfumo wa taifa unafanya kazi, muulize dada wa steshenari. Atakuwa ameshajua kabla ya wengine wote.

Adui yao mkubwa ni kirusi cha flashi. Mwanafunzi anakuja akihema, ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo inatakiwa chuoni kesho, anachomeka flashi na badala ya mafaili yake anakuta alama za mishale midogo midogo. Akibofya, hakuna kinachofunguka, au kinafunguka na kirusi kinahamia kwenye mashine ya dukani. Mteja huamini kazi yake imefutwa. Wapo wanaolia pale pale. Kwa kweli mafaili yapo. Kirusi kimeyapa sifa ya kufichwa na kuweka mishale ya uongo yenye majina yale yale. Dada huyo anafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, anaandika amri fupi ya kuondoa ufichaji kwenye flashi nzima, anabonyeza ingiza, na mafaili yanarudi moja baada ya jingine. Anafuta mishale na kile kifaili cha kirusi chenyewe, ananakili kazi kwenye mashine safi, anaisafisha flashi upya. Nusu saa imeisha. Analipwa hela ya kuchapa kurasa tu, kwa sababu bei ya kuokoa ripoti haijaandikwa kwenye kibao cha mlangoni. Naona ni haki aiandike.

Kuhusu umeme sitasema mengi, maana kila mkazi anaujua. Kiangazi kina vumbi linaloziba feni za kompyuta mpaka zinajizima kwa joto, na umeme ukikatika na kurudi kwa mshtuko unaondoka na pawa saplai. UPS nyingi maofisini zina betri zilizokufa zamani. Zinapiga kelele kwa sekunde chache kisha zinazima pamoja na kompyuta zilizotakiwa kulindwa. Zimebaki kuwa soketi za bei ghali.

Mtandao ndio wenye kisa kirefu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliutangazia umma hivyo. Jumatatu yake kila ofisi nchini ilikuwa inasuasua. Tafakari umbali huo: hitilafu iko chini ya Bahari ya Hindi upande wa Durban, kuifikia kunahitaji meli maalumu ya kuvua waya na kuuunga, na Babati mtu anaulizwa kwa ukali kwa nini hajarekebisha. Wengi wa vijana hawa walichofanya siku zile ni kuwasha hotspoti za simu zao ili angalau barua pepe ya bosi iondoke na mwananchi apewe namba ya malipo. Bando hilo lilitoka mishaharani mwao. Ofisi nyingi hazina kifungu cha kumrudishia mtumishi bando lake, na sioni kwa nini tusiwe nacho, kama tulivyo nacho cha mafuta ya gari.

Tulipata nyaya hizo za baharini juzi tu. Seacom ilifika Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ikafuata 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kujengwa mwaka ule ule wa 2009 kuunganisha mikoa. Uliweka Babati mahali pazuri, maana mji uko juu ya njia. Kilichobaki ni kwamba mkongo ni waya, na waya hukatwa: na greda la kupanua barabara, na mtu anayechimba mtaro wa maji bila kuuliza kilichopo chini. Ukikatwa, fundi wa mjini hana la kufanya ila kusubiri wenye mkongo waunge. Hata kujua umekatikia wapi, mara nyingi hajui.

Hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Kazi ngumu haiwachoshi kama kulaumiwa gizani. Mfumo wa taifa unazimwa kwa matengenezo saa tatu asubuhi, na afisa wa Babati anajua kutoka kwa mtu wa dirishani anayemgombeza. Anaanza kukagua swichi, anabadilisha kebo, anazima na kuwasha rauta, anampigia mwenzake wa Mbulu na mwenzake wa Hanang', na baada ya saa nzima wanagundua wote wako hivyo hivyo. Saa hiyo moja ingeokolewa na ujumbe wa maneno kumi.

Mazoea ya kutafuta wa kulaumiwa yana historia. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza nchini mwaka 1965, mashine iitwayo ICT 1500. Uhasibu wa Serikali uliowekwa kwenye mashine ulileta hasara na vurugu, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku ile ilitugharimu, kwa maana kizazi kizima cha wataalamu kilikosa mashine za kujifunzia. Kilichoshindikana kilikuwa namna ya kuandaa watu na kazi, lakini adhabu ilienda kwa kifaa.

Miaka 47 baadaye, Mei 2021, mfumo wa kununua umeme wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa. Watu walipanga foleni kwenye ofisi za TANESCO, wengine wakalala gizani wakiwa na fedha kwenye simu. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk. Medard Kalemani, aliagiza meneja wa TEHAMA wa shirika hilo na wenzake wasimamishwe kazi. Sipingi uchunguzi, adha ile ilikuwa kubwa na wananchi walistahili majibu. Ninachosema ni kwamba siku mfumo ulipokwama, majina ya watu wa TEHAMA yalijulikana nchi nzima kwa mara ya kwanza.

Sasa linganisha na LUKU ya mwaka 2024, kisa ambacho ningependa kifundishwe shuleni. Mita za malipo ya kabla, hapa na katika nchi nyingi duniani, zinafuata kanuni moja. Kila tokeni ina alama ya wakati inayohesabiwa kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993, ili mita itambue tokeni iliyokwisha kutumika na kuikataa. Nafasi ya kuhifadhia hesabu hiyo ni biti 24, na biti 24 zinabeba dakika 16,777,216 tu. Gawanya upate siku, ongeza kwenye 1993, utaangukia 24 Novemba 2024. Kuanzia siku hiyo, mita ambayo haikuboreshwa isingekubali tokeni mpya yoyote, hata uwe umelipa milioni.

Kwa hiyo kila mita ilihitaji kuguswa, nyumba kwa nyumba, kutoka Masaki ya Dar es Salaam hadi Mutuka ya hapa Babati. TANESCO iliamua mteja mwenyewe aifanye kazi hiyo. Ukinunua umeme ulipewa mafungu matatu ya tarakimu 20: la kwanza na la pili kwa ajili ya kubadili funguo za mita, la tatu ndilo umeme wako. Kwenye makaratasi ni jambo jepesi. Kwa bibi asiyeona vizuri, mita ikiwa imefungwa juu ukutani, tarakimu 60 ni mtihani, na aliyeanza na fungu la tatu alikuta mita imekataa akadhani ameibiwa. Ndipo simu zikaanza. Miezi ile hakuna mtu wa kompyuta Babati ambaye hakuitwa na jirani kuingiza LUKU. Walisimama kwenye vigoda vibarazani, mmoja akisoma tarakimu nne nne, mwingine akibonyeza, wakikosea wanaanza upya.

Tarehe 24 Novemba ikafika, ilikuwa Jumapili, ikapita, na watu wakaendelea kununua umeme wao kama kawaida. Hakuna mkutano wa hadhara ulioitishwa kumshukuru mtu. Mita zilizoboreshwa sasa zinahesabu kuanzia 2014, nafasi yao itajaa tena Novemba 2045, na kazi ile ile itarudiwa.

Wenzetu duniani nao waliona mwaka huo huo jinsi mikono ya fundi isivyo na mbadala. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, ndege zikalala viwanjani, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Dawa ilikuwa ni kuiwasha mashine kwa hali ya usalama na kufuta faili moja. Lakini mashine iliyokwama haifikiki kwa mbali, hivyo katika maelfu ya ofisi ilibidi mtu aende mwenyewe, meza kwa meza.

Tunavyoweza kuwasaidia vinajulikana. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaitaka kila taasisi ya umma iwe na kamati ya uelekezi ya TEHAMA. Kamati hiyo ikikaa, ajenda ya kwanza iwe ya vitu vidogo: boksi la kebo, vichwa vyake, swichi moja ya akiba, betri za UPS, vyote vikae Babati na visisubiri basi la Arusha. Mifumo ya taifa inapozimwa, ujumbe umfikie afisa wa halmashauri kabla haujamfikia mwananchi wa foleni. Bando la kazi lilipwe na kazi. Na tarehe 30 Juni, siku ya kufunga mwaka wa fedha, wakati ofisi nzima inakesha kwa sababu nchi nzima imeingia kwenye mfumo mmoja kwa wakati mmoja, mtu wa kompyuta naye awemo kwenye orodha ya posho ya kukesha. Nimeona orodha ambazo dereva yumo, mlinzi yumo, yeye hayumo.

Kubwa zaidi ni mtu wa pili. Pale alipo mmoja, likizo yake ni ya jina. Simu inamfuata mpaka msibani. Na watu wa pili tunao hapa hapa. Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Babati, VETA Manyara iko mjini, na kila mwaka vijana wao wanatafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo huku ofisi zikisema hazina kiti. Wapewe kiti, wapewe nauli na chakula cha mchana, wafundishwe mpangilio wa zile nyaya nane, na namba zao za simu ziandikwe kwenye orodha ya wanaopaswa kuarifiwa mfumo unapozimwa.